Meza imejaa mbegu na makombe, watoto wanataja majina tu. Nifanyeje?

*"Mimi ni mwalimu wa Darasa la Tatu katika shule ya serikali wilayani Pangani. Nina watoto 84, hatuna maabara wala kabati la vifaa. Kwenye semina tuliambiwa tutumie vitu vya asili vinavyotuzunguka, nami nikajitahidi: nilijaza meza mbegu, majani, mawe, makombe ya baharini, vifuu, hata kiota cha mnana. Watoto walifurahi, wakataja majina ya vyote kwa sauti moja, na ndani ya dakika kumi shughuli ikawa imekwisha. Nilipowaambia 'chunguzeni', walinitazama tu. Mwalimu Mkuu ananihimiza nimalize mada, maana mwakani watoto hawa wana upimaji wa kitaifa wa Darasa la Nne. Je, watoto wa miaka minane au tisa wanaweza kweli kufanya uchunguzi wa kisayansi, au nisubiri wafike madarasa ya juu? Na kama wanaweza, nianzie wapi na vitu vyangu hivi?"*

Mwalimu mwenzangu, hongera kwa kazi. Kukusanya vitu vyote hivyo kwa mikono yako ni jambo ambalo wengi wetu huishia kulikusudia tu. Na hofu yako naielewa: umeleta vitu, umewapa watoto nafasi, ukapata kelele za dakika kumi. Ni rahisi hapo kuamini kwamba watoto bado wadogo, au kwamba bila maabara hakuna sayansi. Mimi naona watoto hawana kosa, na vitu vyako ni vizuri. Kilichopungua ni kazi uliyowapa.

Watoto wako walifanya kile walichozoezwa. Tangu darasa la awali, mwalimu akiinua kitu juu huuliza, "Hiki ni nini?" Anayetaja jina anapigiwa makofi, kitu kinarudi mezani, tunaendelea na kingine. Mtoto aliyepita humo miaka mitatu anajua kwamba jina likishapatikana, kazi imekwisha. Sasa ukimwambia "chunguza", hajui atafute nini wala atajuaje kwamba amemaliza. Ndiyo maana anakutazama wewe badala ya kulitazama kombe.

Kwa hiyo jambo la kubadilisha kwanza ni swali. Jiulize kila unapoandaa kipindi: swali hili, jibu lake liko wapi? "Konokono ana faida gani?" Jibu liko kwenye kitabu au mdomoni mwako, konokono mwenyewe hana namna ya kulitoa. Lakini "Konokono huyu wa bustanini akiwekwa katikati ya ubao wenye upande mkavu na upande uliolowa, ataelekea wapi?" ni swali ambalo konokono atalijibu mwenyewe mbele ya watoto, na wewe utakaa kimya. Uchunguzi wa kisayansi kwa umri huu ni huo: mtoto anauliza kitu chenyewe, anasubiri jibu, anaandika alichojibiwa, na anakuwa tayari kubadili mawazo.

Wala wazo hili si geni kwetu. Mwaka 1965 wanasayansi na walimu walikutana Kano, Nigeria, ukazaliwa mpango wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika. Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa miongoni mwa nchi zilizoshiriki. Masomo yake yalijengwa juu ya mbegu, mchanga uliolowa, mbu, na yule mdudu anayechimba vishimo vya umbo la faneli kwenye mchanga mkavu akisubiri sisimizi wateleze ndani. Mtoto akiuliza, "Mwalimu, anakula nini?", mwalimu humrudisha kwa mdudu: kamuulize. Vifaa vilikuwa chupa tupu, nyuzi, makaratasi na macho ya watoto.

Turudi mezani kwako. Meza yenye vitu arobaini vya aina arobaini ni maonyesho, na maonyesho hayachunguziki kwa urahisi, kwa sababu kila kitu kiko peke yake, hakina cha kulinganishwa nacho. Lete vingi vya aina moja. Nakushauri uanze na majani ya mwembe kwa sababu hayana gharama na mwembe haukosekani shuleni. Chuma majani 84, gawa watoto makundi kumi na mawili ya watoto saba saba, kila mtoto ashike jani moja. Waambie: litazame jani lako mpaka uweze kulitambua likichanganywa na ya wenzako. Kisha kusanya yale saba, changanya, mwaga chini, kila mmoja atafute lake.

Awamu ya kwanza watafanikiwa wengi na watabishana wachache. Ubishi ndio unaoutaka. Awamu ya pili iwe ngumu zaidi: kila mtoto aeleze jani lake kwa maneno, na mwenzake ndiye alitafute. Utasikia, "Langu ni la kijani, lina ncha." Mwenzake atatazama lundo na kusema yote ni ya kijani, yote yana ncha. Hapo mtoto anagundua mwenyewe kwamba sifa inayofanana kwa wote haimsaidii mtu kutofautisha. Ataanza kuona tundu lililotafunwa na mdudu upande wa kushoto wa uti, doa la kahawia karibu na kikonyo, ncha iliyojikunja. Atakayesema "langu ni refu" ataulizwa, "Refu kiasi gani?" na rula itaingia mchezoni kwa sababu inahitajika. Kama rula hazitoshi, kata vipande vya karatasi vilivyotiwa alama za sentimita. Mtoto aliyepima kwa sababu alitaka kushinda ubishi anaelewa maana ya kipimo kuliko aliyepima kwa sababu zoezi limesema apime.

Usiwe na haraka ya kutoka hapo. Kipindi hicho kimoja kina kuangalia kwa makini, kueleza, kulinganisha na kupima, na hujatamka neno "uchunguzi" hata mara moja. Kesho yake waambie wayapange majani ya miti tofauti katika makundi wanayoyataka wao, kisha kundi jingine likisie kanuni iliyotumika. Ukiona wamepanga kwa ukubwa, kubali, halafu uliza: jani hili likikua, litahamia kundi jingine? Swali hilo dogo litawafanya watafute wenyewe sifa zisizobadilika jani linapokua, kama mpangilio wa mishipa.

Makombe yako nayo yana hazina ambayo pengine hujaiona. Chagua yale yenye tundu dogo la duara. Ufukweni kwenu hayakosekani: kombe la chaza mdogo, limekamilika kila upande, isipokuwa tundu moja lililotobolewa vizuri sana. Uliza, "Nini kimetokea?" Watakuambia kwa uhakika kabisa: msumari; mtu alitaka kulitunga shanga; kaa amelibana. Usiwasahihishe. Chora mstari ubaoni, upande mmoja andika "Tunachokiona", upande wa pili "Tunachodhani". Tundu ni la duara: tunaliona. Msumari: tunadhani. Kwangu mimi mstari huo ndio jambo kubwa kuliko yote utakayowafundisha mwaka huu, maana hata watu wazima huchanganya vitu hivyo viwili kila siku na kugombana.

Kisha rudisha swali kwa kombe. Kama ni msumari, tujaribu: chukua kombe zima, wewe mwenyewe ligonge kwa msumari watoto wakiwa mbali. Litapasuka, au tundu litakuwa na kingo zilizomeguka. Walinganishe na lile la duara. Sasa wapitishe kidole taratibu: mara nyingi tundu ni pana zaidi upande wa nje na linakuwa jembamba kuelekea ndani. Wahesabu makombe yote yenye tundu na waweke alama kwenye mchoro mmoja mkubwa wa kombe, kila tundu mahali pake. Je, matundu yametawanyika ovyo, au yanakusanyika sehemu moja?

Baada ya kazi yote hiyo ndipo uwape maelezo, kwa sababu haya hawawezi kuyagundua kwa kutazama. Baharini wako konokono wala nyama. Humkamata chaza, humshikilia, na ulimi wenye safu za meno madogo sana hukwangua ganda mahali pamoja huku konokono akitoa majimaji yanayolainisha chokaa. Kazi hiyo huchukua saa nyingi. Tundu likishapenya, hula nyama kupitia hapo. Watoto waliobishana juu ya msumari watayasikiliza maelezo haya kwa namna ambayo hujawahi kuwaona wakisikiliza, kwa kuwa wana swali ambalo jibu hilo linalifungua.

Nimeyasema hayo makusudi kwa sababu kuna kosa la upande wa pili: kuamini kwamba mwalimu hapaswi kueleza chochote, kila kitu mtoto akivumbue. Hapana. Mtoto anaweza kulitazama jani mwezi mzima, usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga, hatauona. Majina, maelezo ya mambo yasiyoonekana na istilahi za mtihani ni kazi yako kuyatoa. Ninachokuomba ni mpangilio: kwanza kitu na swali, kisha jaribio, ndipo jina na maelezo.

Ulitaka kujua kama umri wao unaruhusu majaribio. Unaruhusu, kwa sharti moja: kibadilike kitu kimoja tu. Mtoto wa miaka minane akipewa makopo mawili yanayotofautiana maji, udongo na mwanga kwa pamoja, atapotea. Lakini haki ya ushindani anaijua vizuri. Kwenye mbio hakubali mwenzake aanzie mbele ya mstari. Mwambie makopo nayo yanashindana, yaanzie mstari mmoja.

Jaribio ninalolipenda kwa Darasa la Tatu ni kunde na giza. Uliza kwanza: mbegu inahitaji mwanga ili iote? Karibu wote watasema ndiyo, na huenda hata baadhi ya walimu wenzako. Chukua makopo mawili, udongo ule ule, kunde kumi kila kopo, kina kile kile, kizibo kimoja cha maji kwa kila moja kila asubuhi. Kopo moja likae mahali penye mwanga, jingine lifunikwe kwa ndoo isiyopitisha mwanga. Kila mtoto aandike utabiri wake na sababu yake kabla ya kuanza. Siku za kusubiri zitumie kuchora: mchoro mmoja kwa siku, tarehe juu, urefu pembeni.

Kunde za gizani zitaota. Siyo hivyo tu. Baada ya siku kadhaa zitakuwa ndefu kuliko za mwangani, nyembamba, za manjano. Darasa litalipuka. Wengine watasema za gizani zimeshinda kwa sababu ni ndefu, wengine watasema zinaumwa. Waache wabishane kwa kutumia michoro yao, halafu pasua nao kunde iliyolowekwa usiku kucha. Kabla ya kuipasua, futa maji ya nje na uibane taratibu kwa vidole ukitazama karibu na lile kovu ilipokuwa imeshikana na ganda la kunde: utaona tone dogo likichomoza kwenye kitundu ambacho hukukiona mwanzo. Ndani kuna vipande viwili vinene, ghalambegu, na katikati yake mche mdogo umelala umejikunja. Chakula cha siku za mwanzo kimo ndani ya ghala hilo. Ndiyo maana mbegu haikuhitaji mwanga ili iote, inachohitaji ni maji, hewa na joto la kufaa. Mwanga unahitajika baadaye, akiba inapokwisha na mmea uanze kujitengenezea chakula. Ule urefu wa gizani ni mmea unaotumia akiba yake yote kuutafuta mwanga.

Kwa nini kumi na si moja? Waulize wao. Ukipanda mbegu moja na isipoote, hujui kama ni giza, au mbegu ilikuwa imetobolewa na mdudu. Zikiwa kumi, unaona picha. Hilo nalo ni somo la uchunguzi, na linaeleweka bila hesabu ngumu.

Kuhusu Mwalimu Mkuu, usimchukulie kama mpinzani. Anabeba matokeo ya shule nzima. Mwonyeshe kwamba kuota kwa mbegu, makundi ya viumbe hai na kupima ni mada zilizomo kwenye muhtasari wa somo, hujaenda kando. Nitakuwa mkweli kwako pia: njia hii inakula muda, na ukitaka kuitumia kwa kila mada hutamaliza. Chagua mada mbili au tatu kwa muhula ambazo vitu vyake vinashikika, uzifanye kwa kina. Nyingine zifundishe kwa njia uliyozoea. Mambo ya moto, kemikali au kioo fanya mwenyewe mbele ya darasa, wao watabiri na waandike. Na kwa watoto 84, msiwe ndani. Nendeni chini ya mti. Au nusu ya darasa wawe na zoezi la kuandika huku nusu wakichunguza, kisha mbadilishane. Kila kundi liwe na mpimaji, mwandishi, mtunza vitu na msemaji, na nafasi hizo zizunguke kila wiki, vinginevyo mpimaji atakuwa yule yule mwenye sauti kubwa na wasichana wakimya wataishia kushika daftari.

Utajuaje wamejifunza? Eleanor Duckworth, aliyefanya tathmini ya ule mpango wa Afrika kwa watoto wa Kenya, aliweka vitu mbele yao, akawaacha wafanye wapendavyo, akafuatilia ni mambo mangapi tofauti wanayoyabuni na wanayafikisha wapi. Waliokuwa wamesoma kwa mpango ule walipata mengi zaidi ya kufanya. Nawe unaweza. Rudia meza yako ya kwanza mwisho wa muhula, sema "chunguzeni", kisha sikiliza maswali watakayoulizana.

Itatokea wakuulize usilolijua. Erasto Mpemba alipokuwa mwanafunzi wa sekondari Magamba, mkoani Tanga, mwaka 1963, aliona maziwa aliyoyaweka kwenye friji yakiwa ya moto yakiganda kabla ya yale yaliyopoa. Alipouliza shuleni alichekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye akaagiza jaribio lifanywe badala ya kumkatalia. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja, na wanafizikia wanabishana juu ya jambo hilo hadi leo. "Sijui, tutajaribuje?" ni jibu kamili la mwalimu.

Sasa usalama, na hapa nakuomba uwe mkali. Usiruhusu mbegu za mnyonyo, wala zile ndogo nyekundu zenye doa jeusi ambazo watu hutunga shanga. Zote mbili zina sumu kali zikitafunwa. Korosho mbichi yenye ganda isipasuliwe darasani, mafuta yake yanaunguza ngozi. Upupu mnaujua. Watoto wasiende kuokota konokono mabwawani au mitoni, kwa sababu maji hayo ndiyo yenye kichocho. Konokono wa nchi kavu wanaweza kubeba minyoo, hivyo mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kuwashika. Ufukweni okoteni makombe matupu tu. Konokono wa baharini aliye hai, hasa wale wenye umbo la pia, baadhi yao huchoma kwa sumu. Na ndani ya maeneo yaliyohifadhiwa ya bahari msiokote kitu.

Mbegu ndogo zina hatari nyingine: watoto huzitia puani na masikioni. Ikitokea, usimwage maji, kunde itavimba na kukwama zaidi, wala usichokoe kwa kijiti. Mpeleke mtoto kituo cha afya. Akimeza au kutafuna mbegu usiyoijua, mpeleke siku hiyo hiyo hata kama anacheza vizuri, na uibebe mbegu nyingine ya aina hiyo mumwonyeshe daktari. Akianza kukohoa ghafla au kupumua kwa shida, usisubiri hata dakika.

Vipindi hivi vitakuonyesha jambo jingine. Mtoto anayelileta jani karibu kabisa na pua, au anayekosa kuona tundu ambalo wenzake wote wameliona, huenda si mzembe. Ongea na mzazi apimwe macho hospitalini. Wapo watoto wanaokaa nyuma miaka yote wakiitwa wazito, kumbe ubao hawauoni.

Kwa upande wako, barua yangu hii haitatosha. Omba mwalimu mwenzako akae nyuma ya darasa kipindi kimoja, aandike kila swali unalouliza, neno kwa neno. Baadaye kaeni wawili, mtie alama kila swali ambalo kitu kilichokuwa mikononi mwa watoto kingeweza kulijibu. Orodha hiyo ipelekeni kwenye kikao cha jumuiya ya ujifunzaji, ile ya mafunzo endelevu ya walimu kazini, na kama kata yenu bado haijaianzisha, mwone Afisa Elimu Kata. Mtu anayekuona ukifundisha atakusaidia mambo ambayo mimi, kutoka huku niliko, siwezi kuyaona.